Sarafu Zilizofukizwa Udi

Mama yangu haoni. Presha ya macho ilimla nuru polepole, jicho la kushoto kwanza kisha la kulia, na sasa anachotambua ni mchana na usiku tu. Nilipostaafu kazi ya bandarini nilihamia kwake Ngamiani, hapa Tanga, kwenye nyumba niliyozaliwa, na siku hiyo hiyo nikajua kazi yangu mpya ni ipi. Baada ya sala ya Alasiri alikaa kwenye kochi la ukumbini, akaweka mto mapajani, akaniambia, "Niletee babako."

Baba alikuwa amekwisha kufariki zamani. Nilidhani akili nayo imeanza kumtoka. Kumbe alikuwa anataka albamu ya sarafu.

Baba alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa Barabara ya Nane, na saa ndizo zilizotulisha, lakini kilichomtia wazimu ni sarafu. Hakuzirundika. Alikusanya moja moja kwa aina: kila aina iliyowahi kupita mikononi mwa watu wa pwani yetu, moja tu, ile iliyo safi kuliko zote alizozipata. Ikitokea safi zaidi, ya mwanzo inatoka, inatiwa kwenye kopo, na mpya inaingia. Kwa hiyo ndani ya albamu ile moja mlikuwa na pesa za Unguja zenye mizani na maandishi ya Kiarabu, pesa za Mjerumani zenye tai, na heller zake, ambazo ndizo zilizotuachia neno hela. Mlikuwa na senti zenye tundu katikati, zilizozungukwa na pembe za ndovu, na shilingi za simba za wakati wa Mwingereza. Zikafuata zetu wenyewe: samaki, sungura, mbuni, na mkono ulioshika mwenge. Nyingine aliletewa na wateja kutoka Moa, nyingine iliokotwa na mtu aliyekuwa anachimba kisima Mkwaja, na kila moja alikuja nayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Mama hakuwa na haja na miaka ya sarafu zile wala madini yake. Alichokuwa akifanya ni kuifungua albamu juu ya mto, kuingiza kidole kwenye kifuko kimoja kimoja, kuitoa sarafu, kuipapasa pande zote mbili, na kuirudisha. Alifanya hivyo mpaka karibu na Magharibi. Uso wake, ambao mchana kutwa huwa umekunjamana kwa kusikiliza, ulilegea. Mimi ni mtu wa haraka, sina subira na mambo ya kukaa kaa, lakini nikimtazama pale nilikuwa nasahau hata chai jikoni.

Alhamisi moja baada ya Magharibi nilisikia harufu ya udi. Hilo si la ajabu, nyumba yetu kila Alhamisi hunukia. Nilipoingia chumbani kwa Mama nikamkuta kachuchumaa mbele ya chetezo. Juu ya chetezo kuna lile tenga la kufukizia nguo, na juu ya tenga, imelazwa kifudifudi, kurasa zimetawanywa, iko albamu ya Baba. Moshi ulikuwa unaingia kurasa za huku na kutokea za kule.

"Mama! Unaziunguza!"

"Naunguza nini?" akaniuliza, hata hakugeuka. "Namfukizia babako."

Nilimpokonya. Naam, nilimpokonya mama yangu mzazi, kipofu, kitu chake, na nilipoigusa albamu ile vidole vyangu vikanata. Nikaipeleka kwenye taa. Plastiki ya kurasa ilikuwa imelegea, ina ute, na ute ule ulikuwa wa kijani kama mwani. Kwenye pembe za kurasa kulikuwa na karafuu, zile za kwao Mama, Pemba, zimepangwa vizuri kama zinavyopangwa kwenye sanduku la nguo ili wadudu wasiingie. Nilifoka. Nilisema maneno mengi, na mengine sikuhitaji kuyasema.

Mama akaningoja nimalize. "Ijumaa zote alizoishi na mie," akasema, "hakwenda msikitini na kanzu ambayo sikuifukiza. Kafa, kanzu zake mkazigawa. Kofia mkazigawa. Hata lile koti lake mkaligawa. Haya, niambie weye, mwanangu, nifukize nini?"

Nilikichukua chetezo nikakitoa nje, nikarudi nikakaa kitandani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nikaziangalia zile sarafu mimi mwenyewe.

Asubuhi yake nilimpigia simu mtoto wa ami yangu aliyeko Maskati. Yeye ugonjwa wa Baba wa sarafu ulimwambukiza tangu utotoni, na mkusanyiko wake nasikia umejaza kabati zima. Nikamweleza kuhusu ute wa kijani.

"Albamu yenyewe inanukia vipi?" akauliza.

"Inanukia udi na karafuu, we ulidhani nini?"

"Chini ya udi."

Nikainusa tena. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ile ya pazia jipya la bafuni.

"Basi hiyo ndiyo inayozila," akasema. "Plastiki ile ina mafuta ndani yake, ndiyo maana ni laini. Joto likiipata inatoa jasho, na jasho lile linakula shaba. Pale Tanga joto lipo bila chetezo, sasa nyinyi mmeongeza makaa. Zitoe leo. Leo, dada, si kesho. Na tafadhali, usizisugue."

"Nani kasema nitazisugua?"

"Nakujua. Ndimu umeshaikata."

Wallahi nilikuwa nimeshaikata. Ndimu ilikuwa kwenye kibao, na jivu nimelichekecha tayari, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyofundishwa: sinia za shaba, birika, mitungi, kila kitu cha shaba kikikaribia Idi kinasuguliwa kwa ndimu na jivu mpaka king'ae kama dhahabu. Aliponieleza kwamba sarafu ukiisugua hivyo unaondoa ngozi yake, na ngozi ile hairudi, niliitupa ile ndimu kwa kuku. Akaniagiza nitafute asetoni halisi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha ambayo ina manukato na mafuta, nizilaze humo kwenye chombo cha kioo, dirisha wazi, bila kufuta, bila kupangusa, kisha nizitandaze juu ya taulo zikauke zenyewe. Nilifanya hivyo kwa siku kadhaa, kundi kwa kundi, nikiwa nimejifunga mtandio puani.

Ute ulitoka. Masizi ya udi yalitoka. Nikachukua kile kioo cha Baba cha kubana jichoni, cha kutazamia saa, nikaiinamia sarafu ya kwanza iliyokauka.

Sijui niseme vipi. Umri wangu wote nilikuwa najua kwamba kwenye shilingi ya Mwingereza kuna simba. Sikujua kwamba nyuma ya simba kuna milima, na kwamba milima ile ina miteremko, na kwamba simba mwenyewe ana manyoya yaliyochongwa unywele mmoja mmoja. Kwenye pesa ya Unguja, visahani vya mizani vinaning'inia kwa nyuzi nyembamba mno, na mtu fulani, ambaye hakuna anayemkumbuka, alikaa akazichonga nyuzi zile ili pesa ile ikawanunulie watu muhogo. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikazigeuza tena na tena. Masultani wamekwisha, Wajerumani wamekwisha, Waingereza wamekwisha, na simba bado anatembea mbele ya milima yake kwenye meza yangu yenye madoa ya mchuzi. Nilisema Subhanallah kwa sauti, na Mama akauliza kutoka ukumbini kuna nini.

Halafu nikaona kitu kingine. Kwenye heller moja, juu kabisa ya taji, kulikuwa na mistari iliyopinda, myembamba, imelala pamoja. Nikadhani ni uchafu uliobaki. Nikairudisha kwenye asetoni, nikaitoa, mistari ipo pale pale. Nikachukua senti ya tundu, nayo inayo. Sungura anayo mgongoni. Ilinichukua muda kutambua kwamba ninatazama dole gumba la mama yangu. Jasho na chumvi ya kidole vilikuwa vimekaa juu ya shaba, siku baada ya siku, mpaka alama ikaingia ndani ya madini yenyewe, imechongeka humo pamoja na taji na sungura. Baba alishika sarafu kwa kibano, au kwa ukingo, kati ya vidole viwili. Alama zake hazikuwepo popote. Zilikuwepo za Mama tu, nyingi, zimepandana.

Nililia. Si kwa huzuni hasa. Nilikuwa nimestaajabu kiasi kwamba machozi yalikuja bila kuitwa. Lakini nilipojifuta nikaelewa nimeingia kwenye mtihani gani. Ilikuwa lazima zitafutiwe albamu nyingine, iliyo salama, na zilihitaji kuepushwa na kila kitu: plastiki mbaya, moshi, karafuu, hewa ya chumvi. Na zilihitaji kuepushwa na Mama. Nikizifungia zisiguswe, nimemfungia nje yeye, na hana njia nyingine ya kuziona. Nikimwachia, atazimaliza.

Nilianzia madukani. Duka la kwanza nililoingia, barabara ya pili kutoka kwetu, muuzaji alinitolea albamu nzuri ya mauaridi, ya picha za harusi. Nikaifungua katikati, nikaizamisha pua. Yeye akanitazama, wateja wakanitazama. Ilinuka lile pazia la bafuni. Nikaomba nyingine, nikanusa. Nikaomba ya tatu.

"Mama, hizi ni albamu," akasema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Manukato yako duka la pili."

Nikamwambia kama pua yangu inamkera aagize bidhaa zisizonuka. Nikatoka, na vijana wa baiskeli waliokaa hapo nje wakapata la kuchekea mpaka jioni.

Binamu yangu naye alikuwa akinitumia picha za kila namna. Kuna vile vikaratasi vya mraba vyenye kidirisha, sarafu inawekwa katikati, karatasi inakunjwa na kubanwa kwa pini za stepla. Hivyo nilivikataa bila hata kufikiri. Nimefanya kazi bandarini miaka mingi, kwenye ghala la mizigo, nimeona waya za kufungia marobota ya mkonge zikianza kutu kabla meli haijafika. Pini ya stepla hapa kwetu haimalizi mwaka haijalia machozi mekundu, na machozi yale yangemwagikia nani kama si sarafu? Kuna kurasa ngumu ambazo sarafu inatelezeshwa ndani kati ya vipande viwili. Nilizikataa pia, kwa kuwa kila ukiitelezesha inakwaruzika uso.

Moja tu ndiyo nilimpelekea Mama. Ilikuwa kitabu cha kadibodi nene chenye matundu, kila tundu kwa kipimo chake, nawe unaipachika sarafu humo kwa kuikandamiza. Nilikipata kwa mzee mmoja wa Chumbageni aliyekuwa anauza vitu vya marehemu kaka yake. Mama alikipapasa, akaingiza kidole kwenye tundu, uso ukamfunguka.

"Hiki hiki," akasema. "Humu nnawagusa bila hata kuwatoa. Wamekaa kama watu vibarazani kwao."

Nilitamani kukubali. Nilitamani sana. Nikakiacha kile kitabu mezani siku ile ya mvua, na asubuhi nilipokishika kilikuwa kizito, kimelewa unyevu, kurasa zimejikunja. Nikamwambia Mama hakifai. Akasema nakitia ila. Nikamwambia kinakunywa maji. Akasema hata mie nakunywa maji. Basi tukagombana, na mimi nikigombana na Mama huwa napandisha sauti na yeye huwa anashusha, ndiyo maana huwa ananishinda.

Mwishowe ikaja bahasha kutoka Maskati, imeletwa na mtu aliyekuja kwa harusi ya nduguye. Ndani mlikuwa na albamu nyeusi yenye kurasa ngumu, na vibweta vya mviringo, vya plastiki ngumu iliyo safi kama kioo, kila kimoja kwa ukubwa wa sarafu yake. Kibweta kina chini na juu. Unalaza sarafu, unafunika, unabana, kinalia ta, na kuanzia hapo hakuna hewa ya kutembea wala kidole. Nilivinusa. Havikunukia kitu. Nilivilaza juani dirishani siku nzima, nikavinusa tena, havikunukia kitu. Hivi ndivyo. Nilijua hivi ndivyo.

Nikaweka senti ya tundu kwenye kibweta kimoja, nikakifunga, nikampa Mama. Akakizungusha. Akatafuta ukingo, akatafuta tundu. Nikampa kingine chenye shilingi, akakizungusha. Akavishika vyote viwili, kimoja kila mkono.

"Zote sawa," akasema.

"Zimo salama, Mama."

"Zote sawa. Umenizibia." Akanirudishia, akajifunika kanga mpaka kichwani.

Kesho yake Alasiri ikaja, ikapita, na hakuniambia nimletee mtu. Siku iliyofuata vile vile. Alikaa kwenye kochi na mto mapajani, mikono juu ya mto, na mikono ile haikuwa na kazi. Sarafu zilikuwa chumbani kwangu juu ya taulo, hazina albamu ya zamani wala mpya, na kila nilipopita mlangoni niliziona zimelala macho wazi. Niliona haya kupita mbele ya Mama. Mara mbili nilichukua simu nimwambie binamu kwamba nampa mama yangu sarafu zake azile mpaka zimalizike, na wajukuu watajijua wenyewe. Sikupiga. Nilikuwa naogopa jibu lake, na nilikuwa naogopa lile dole gumba juu ya sungura.

Siku ya tatu au ya nne, alipotoa salamu ya sala yake, akaniita.

"Leta vyote. Sarafu, na hivyo vyungu vyako, na hilo daftari la Maskati. Na beseni la maji na sabuni."

"Beseni la nini?"

"Nioshe mikono. Si umesema nawala?"

Sikuwahi kumwambia hivyo. Alikuwa amenisikia kwenye simu, siku za nyuma, nikimweleza binamu kwamba jasho la vidole vyake linazila. Nilimletea maji, nikamwosha mikono mwenyewe, kidole kwa kidole, nikamkausha kwa kitambaa cha pamba. Nikakaa sakafuni mbele yake na taulo la sarafu, nikampa ya kwanza.

Na Mama akaanza kunihadithia. Aliishika kwa ukingo tu, kati ya vidole viwili, namna ambayo sikuwa nimewahi kumwona akishika. Pesa ya mizani ilikuja siku ambayo Baba alikuwa na homa, na homa ikamwacha palepale. Ile ya tai aliipata kwa kumtengenezea mtu wa Moa saa ya ukutani, akakataa malipo mengine yoyote, na sisi usiku ule tukala uji. Sungura aliingia mwaka niliozaliwa mimi. Akimaliza ananipa, nami naitia kibwetani, nabana, inalia, na yeye anasubiri mlio kabla ya kunyoosha mkono kwa inayofuata. Nilikuwa nimewajua Mama na Baba umri wangu wote, na nilikuwa nasikia habari zao kwa mara ya kwanza. Sikuthubutu hata kukohoa.

Tukafika kwenye shilingi ya simba, ile ya mfalme wa mwisho wa Kiingereza kabla ya malkia. Nilipoiokota nikashangaa, maana hii sikuwa nimeitazama kwa kioo. Simba alikuwa amefutika. Milima haipo, manyoya hayapo, amebaki mgongo na mkia tu. Baba asingeweza kukosea hivyo, yeye ambaye angebadilisha sarafu kwa sababu ya mkwaruzo. Nikalichukua kopo la sarafu alizozitoa, nikalimwaga, na humo ndani nikaikuta shilingi ile ile, mwaka ule ule, inameta kama imetoka kiwandani jana.

"Mama, Baba alizichanganya. Aliitupa nzuri akaweka mbovu. Ngoja nizibadilishe."

"Nipe hiyo mbovu."

Nikampa. Haikumchukua hata pumzi moja.

"Hakuchanganya," akasema. "Hii ni kipa mkono changu."

Nyinyi mnaojua harusi za kwetu mnajua kipa mkono ni nini. Ni kile anachotoa bwana harusi siku anapoingia kwa mkewe, ili mke ampe mkono wake kwa mara ya kwanza. Nilichokuwa nakijua mimi ni bangili za dhahabu ambazo Mama aliziuza zamani kwa ajili ya karo zetu.

"Bangili zilikuwa za mamake babako," akasema. "Zililetwa kwenye sinia, kila mtu akaziona. Babako aliingia, kajaa haya, hata uso hajauinua. Hina yangu ilikuwa mbichi. Akanishika mkono akaniwekea shilingi. Moja. Akasema hii ni ya saa ya kwanza niliyotengeneza peke yangu. Nikataka kucheka, nikataka kulia. Somo yangu, aliyenifunda, alikuwa nyuma ya pazia, akaninong'oneza: fumba mkono, mwanangu, usiseme kitu. Nikafumba."

Aliifunga pembeni ya kanga yake, kila kanga aliyovaa, akatembea nayo sokoni na kisimani, na kwa miaka yote ile akaisugua kwa dole akiwa na wasiwasi, akiwa na furaha, akituuguza. Ni yeye aliyemfuta simba. Baba alipopanga albamu alikuja akamwomba. Alimwambia nilikupa mwenyewe, sasa naja kuiazima. Akaitoa ile inayometa, akaiweka hii.

Nilikuwa nimeshika kibweta kitupu. Niliona aibu na ulimwengu wangu wa kunusa plastiki. Nikamwambia, "Mama, hii nisiifunge. Hii haina cha kuharibika tena. Kaa nayo. Nitakufungia kwenye kanga kama zamani."

Nilidhani nampa zawadi. Aliisugua mara moja kwa dole gumba, polepole, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mie ni mtu wa kwenda. Nikifa nayo, nani atanikunjua vidole? Mwoshaji. Ataitoa, ataiweka dirishani pamoja na herini, na weye utakuwa huko nje unapokea watu, hutajua iko wapi. Babako kaja kuitia mkononi mwangu mwenyewe. Sitaki itoke kwa kukunjuliwa." Akanyoosha kiganja, shilingi iko katikati. "Ichukue sasa, ningali naweza kuitoa."

Niliichukua kwa ukingo. Niliilaza kibwetani, nikafunika, nikabana kwa vidole vyote.

"Imelia?" akauliza.

"Imelia, Mama."

Kiganja chake kilikuwa bado kimenyooshwa mbele yangu, kitupu. Akakifumba, asiseme kitu.